Nilimtangaza Kaka Yangu kwa Wakwe, Mtamba Wangu Akaondoka

Kosa ni langu, lote, kuanzia kwato hadi pembe. Nalisema mapema ili mtu asinihurumie huku mwanzoni, halafu akifika katikati atake kurudishiwa huruma yake.

Jina langu liacheni. Mimi ni dada wa Tarime, nimepanga chumba Nyamisangura, na kazi yangu ni kuwaandikia watu matangazo ya biashara. Mwenye saluni, mwenye mabati, mwenye nyama choma, wote hunitumia picha na mimi nawatumia maneno. Kaka yangu nitamwita Marwa. Siyo jina lake, na hata lingekuwa lake msingempata, maana huku kwetu ukiita Marwa gulioni, nusu ya wanaume wanageuka.

Kilichonitoka ni ng'ombe. Mtamba wangu mwenyewe, chotara, ana doa jeupe kwenye paji, niliyemnunua kwa jasho la kuandika. Nilimwita Mteja, kwa sababu wateja ndio walionichangia kumnunua bila wao kujua. Nilimweka kwa baba, kijijini Kemambo, na mipango yangu yote ilikuwa tumboni mwake: azae, niuze maziwa, nipate kompyuta ndogo ya kubeba, nipange fremu barabarani niandike kibao changu. Wenzangu walikuwa na wachumba, mimi nilikuwa na Mteja, na nilikuwa nimetulia kabisa!

Sasa nisikilizeni nilivyojimaliza.

Kazi hii nilijifunzia kwenye simu. Mwalimu wetu, kijana mmoja anayeongea haraka kama anafukuzwa, alituambia maandishi ni ya namna mbili. Kuna ya kumwelewesha mtu. Unamweleza jambo lilivyo, zuri na baya, unamwacha akafikiri, akikuamini atarudi mwenyewe. Hayo wanayaita kontenti. Na kuna ya kumtoa mtu kwenye kiti. Unamgusa panapomuuma, unamwonyesha dawa, unamtisha kwamba dawa inaisha, halafu unamwambia anyanyuke sasa hivi. Hiyo ndiyo kopiraitingi.

Akasema tusichanganye, kila moja ina mahali pake. Mimi nikashika hiyo ya pili tu, kwa sababu ndiyo yenye hela, hiyo nyingine nikaona ni kazi ya walimu wa sayansi.

Dalili zilikuwepo, jamani. Mwenye duka la dawa za mifugo aliniomba maelezo mafupi, wafugaji wajue namna ya kumtambua ng'ombe mwenye ugonjwa wa ndigana. Maelezo tu! Mimi nikaanza hivi: "NG'OMBE WAKO ANAKUFA NA WEWE UMEKAA UNASOMA!" Kesho yake mzee mmoja alifika dukani mbio, amepakiwa kwenye pikipiki na ndama mzima wa afya, ndama anashangaa mji, mzee anatetemeka anataka sindano. Mwenye duka alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo.

Basi Marwa akapata mchumba. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha huko Nyangoto. Mtu mpole, haongei, hata akikasirika unadhani ana usingizi. Binti alitoka upande wa Serengeti, nje kidogo ya Mugumu, Wakurya wenzetu waliohamia huko zamani. Wanapendana hao, acheni. Marwa alikuwa akipigiwa simu na yule binti anazima mashine ya kuchomelea, na mteja akiwa amesimama hapo hapo anangoja geti lake.

Posa ilikwenda vizuri. Ikabaki siku ya wakwe kuja kwetu kuangalia ng'ombe na kuchagua wa mahari. Shangazi wa binti, mama mmoja mchangamfu anayeshika simu muda wote, akanipigia.

"Wifi, tutumie maelezo kidogo ya kijana na kwao. Wazee wa huku wanataka kujua wanakokwenda. Niyaweke kwenye kundi la familia."

Nikamwambia baba. Baba akasema, "Andika jina, ukoo, kanisa, kazi. Basi." Baba yangu ana simu ya kitochi, na huwa anaongea kama vocha inamtoka hata akiwa amekaa na wewe sebuleni.

Jina, ukoo, kanisa, kazi! Mimi? Mimi niliyemuuzia mwenye mabati lori zima kwa maneno ya mistari mitano? Niliona kama natukanwa. Nikasema, kaka yangu hawezi kwenda kwa wakwe amevaa maneno ya daftari la mahudhurio. Nikakaa, nikaandika hivi, na ninawapa kama yalivyo ili aibu iwe kamili:

"JE, UMECHOKA KUONA MABINTI WAZURI WAKIANGUKIA KWA WANAUME WASIO NA MBELE WALA NYUMA? Usiumie tena! Kutana na MARWA. Fundi anayetafutwa Nyangoto nzima. Hanywi, hapigi, hachoki. Mtoto wa zizi ambalo ukisimama mlangoni huuoni upande wa pili kwa wingi wa pembe! ANGALIZO: familia mbili za Sirari zimeshaulizia. Marwa ni mmoja tu. WAHI kabla hajachukuliwa!"

Hakukuwa na familia yoyote ya Sirari. Sirari hawamjui hata kwa sura.

Nikaweka na picha. Nilikuwa nimeipiga Krismasi, mifugo yote iko nyumbani, zizi limefurika, na mbele kabisa amesimama Mteja, kichwa juu, doa lake linang'aa. Nikatuma. Nikajipongeza na soda.

Wasio wa huku niwaeleze jambo moja, maana hapa ndipo penye msiba wangu. Kwetu, siku wakwe wanapokuja kuchagua ng'ombe, zizi la muoaji hukonda ghafla. Ng'ombe hawafi wala hawaugui. Wanakwenda kutembea kwa baba mdogo, kwa jirani, kwa rafiki wa mzee ng'ambo ya mto. Wakwe wakifika wanakuta zizi la mtu wa kuonewa huruma. Na wakwe wanajua! Na wao walipooa walifanya hivyo hivyo. Watakohoa, wataguna, watauliza maswali ya mzunguko, mwisho mtakutana katikati kwa heshima. Ila lazima muoaji ajishushe. Huwezi kujisifia utajiri mbele ya mtu anayekuja kukuchagulia cha kutoa.

Hilo nalijua tangu nanyonya. Lakini nikishika simu kuandika, Ukurya wangu unakaa pembeni na tangazo linashika usukani.

Wakwe walikuwa waje mwisho wa mwezi. Baada ya tangazo wakapiga simu, wanakuja Jumamosi hii hii. Baba akafurahi sana. "Wana haraka, hao. Kijana wetu wamempenda." Nilikuwa najua haraka imetoka wapi, na nikavimba kichwa. Kumbe baba naye, kwa upande wake, alikuwa ameshapeleka zaidi ya nusu ya mifugo kwa baba mdogo.

Mimi nilifika Jumamosi asubuhi na sukari na mafuta ya kupikia, nikapita moja kwa moja jikoni. Zizi sikuliangalia. Mungu wangu, ningeliangalia tu!

Wakwe wakaingia. Baba wa binti, mzee mrefu mwembamba mwenye fimbo, ndugu zake wawili, na yule shangazi na simu yake. Tukawaamkia, shikamoo shikamoo, tukawapa obosara, ule uji wetu uliochachuka, wakanywa wakasifu. Halafu wakaenda zizini. Mimi nikabaki nasonga ugali, masikio yangu yako nje.

Halafu nikamsikia shangazi.

"Baba Marwa, hili ndilo zizi?"

"Ndilo hili."

"Nimeambiwa ukisimama mlangoni huuoni upande wa pili. Mimi nauona. Naona na mwenye nyumba wa upande wa pili anaanika nguo."

Baba akakohoa kile kikohozi cha heshima. "Ng'ombe ndio hawa, mama. Ukame umetuchapa."

"Na hawa?"

Nilijua amefanya nini hata kabla sijachungulia. Alikuwa amemsogezea baba simu usoni. Baba aliishika kwa mikono miwili, akaipeleka mbali na macho, akairudisha karibu. Aliwatambua ng'ombe wake mmoja mmoja. Nikamwona shingo inavimba.

"Picha hii kaituma nani?"

Ugali ukashika chini. Mwiko ukabaki unaning'inia mkononi mwangu. Mama alinitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akaendelea kukata mboga. Yaani mama yangu mzazi!

Nje mambo yakawa mabaya haraka. Baba wa binti alikuwa ameshika fimbo yake kwa namna ya mtu anayeaga. Alisema yeye kuficha ng'ombe hakumuudhi, hata yeye alipooa baba mkwe wake alidhani ana mbuzi tu. Kinachomuudhi ni kuitwa mbio kwa zizi lililojaa, akafika akaambiwa ukame. Mtu anaficha, sawa. Mtu anajisifu, sawa. Huyu anajisifu na kuficha kwa wakati mmoja, ni mtu wa namna gani?

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Imeishia hapa zizini. Binti yangu nitamwambia nimeona mwenyewe."

Marwa alikaa chini pale pale penye samadi, na shati lake jeupe la kununuliwa kwa siku hiyo. Mimi kaka yangu sijawahi kumwona amekaa vile. Hapo ndipo kicheko chote kilinitoka mwilini. Nilikuwa nimemharibia mtu maisha kwa alama za mshangao.

Nikatoka na mwiko wangu. Nikapiga magoti.

"Baba, shikamoo tena. Ni mimi niliyeandika. Kaka hajui, na baba hajui, baba simu yake haioni picha. Nimekosa."

Mzee akaniangalia kwanza mimi, halafu mwiko.

"Na hizo familia mbili za Sirari?"

"Hakuna, baba."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Kwa hiyo hakuna mwingine anayemtaka huyu kijana?"

Nikamwangalia Marwa. Nikasema ukweli. "Hakuna, baba. Ni huyo binti yako tu."

Shangazi akaangua kicheko, akajifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Marwa aliniangalia kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka najikunja. Lakini mzee hakucheka. Akauliza, "Hebu sasa niambie hayo maelezo tuliyoomba."

Nikayasema, nimepiga magoti, bila kupamba. Kwamba Marwa ni fundi, kazi zikiwa nyingi anapata, zikikauka anakosa. Kwamba hanywi kwa sababu aliwahi kunywa akaanguka kwenye mtaro, akaogopa. Kwamba Jumapili anakwenda kanisani na anasinzia. Kwamba mama alipolazwa, yeye ndiye alimfulia nguo, na alipochekwa hakujibu. Kwamba ng'ombe wengine wako kwa baba mdogo. Kwa hili la mwisho baba aliguna kama amekanyagwa, lakini nilikuwa nimeshafungulia bomba.

Mzee akasikiliza lote. Akalegeza fimbo.

"Hayo ndiyo niliyoyataka," akasema. "Haya yangenitoa Mugumu taratibu, nikaja na moyo mweupe. Wewe ulinitoa mbio, nikaja na njaa."

Msiba wangu ulikuwa bado. Ng'ombe wa baba mdogo wakarudishwa mchana huo huo, wanatembea kwa aibu kama watoto waliotoroka shule. Mahari ikapanda. Nani angewalaumu? Duniani kote ukiisifu bidhaa, mwenye bidhaa ndiye anayevuna. Kwenye mahari, anayesifiwa ndiye anayelipa! Mimi nilimfanyia kaka yangu tangazo la kumkomoa.

Wakachagua. Huyu, yule, na yule mwenye pembe zilizopinda. Nikaanza kupumua. Halafu shangazi akafungua simu yake tena, akasogeza picha kwa vidole ikawa kubwa.

"Na huyu wa mbele, mwenye doa. Huyu ndiye aliyetuleta. Bila huyu safari haijakamilika."

Niliona giza. Jamani, mimi nimewafundisha watu wangapi kwamba kwenye picha weka mbele kile kinachovutia? Mnunuzi akija anataka cha kwenye picha, haelewi cha stoo!

Nilimtegemea baba aseme huyo siyo wangu. Au aseme yuko zizini kwangu basi ni wangu, mchukueni, nipate wa kumlaumu. Hakufanya lolote katika hayo. Mbele ya wanaume wote akaniita karibu, akasema, "Huyu ng'ombe ni wa binti yangu. Kamnunua kwa hela yake. Aseme mwenyewe."

Mwe! Baba yangu tangu nizaliwe hajawahi kuniuliza jambo mbele ya wageni. Siku ya kuniheshimu akaichagua ile.

Nilitaka kusema hapana. Siwafichi. Neno lilifika mdomoni kabisa. Niliona fremu yangu, niliona kompyuta, niliona nimekaa ndani napigwa na feni. Mteja naye alikuwa anacheua, mimba yake kubwa, hana habari. Halafu nikamwona Marwa anajipangusa samadi kwenye suruali, hanitazami, ili nisione anavyoomba.

Nikasema, "Mchukueni."

Nikaingia jikoni nikalia mpaka ugali ukapata chumvi. Marwa alinifuata, akasimama mlangoni. Akasema, "Dada." Nikamwambia aondoke. Hakuondoka, akachukua sufuria akaanza kukwangua ule ugali ulioungua. Ndivyo anavyoomba radhi huyo, hata pale ambapo mwenye kosa siye yeye.

Wameoana. Wifi yangu ni mtu mzuri, ananiita "mshenga wa Sirari" na nimeshindwa kumzuia.

Basi ndugu msomaji, kama unajifunza kazi hii, nakuomba kwa jina la mtamba wangu. Kabla hujaandika jiulize mtu ameomba kuelewa au ameomba kusukumwa. Aliyeomba kuelewa, mweleze, hata kama hayo maelezo hayakupi sifa. Maneno ya kuuza yana njaa, yakikosa wa nje yanakula wa ndani. Na hofu ya kukosa usimtie mtu ambaye kesho atakuwa mkwe wako!

Msidhani nimepona, lakini. Juzi juzi baba wa wifi alinipigia mwenyewe. Mteja alizaa ndama jike, doa vile vile, na sasa ameachishwa maziwa, mzee anataka kumuuza apate ada ya mtoto.

"Binti, safari hii kweli nataka kuuza. Niandikie ile ya kutoa watu mbio. Ila usidanganye."

Moyo uliniruka. Nilikuwa nimedunduliza kidogo. Nikajiambia, huyu ndama ni wangu, namnunua mimi. Naandika kitu cha baridi kabisa, hakuna atakayenyanyuka, halafu najitokeza kwa bei ya upole. Nikashika simu niandike vibaya.

Nikashindwa. Nilianza kueleza mama yake alivyo, anavyotulia akikamuliwa, anavyogeuza shingo akisikia sauti yako mlangoni, nikajikuta naandika huku kamasi zinanitoka. Hakukuwa na uongo hata mmoja, wala familia ya Sirari. Ni tangazo zuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Kufikia jioni watu wa Mugumu wanagombana na watu wa Tarime, bei imepaa, na mimi niko palepale na vijisenti vyangu nasoma maneno yangu mwenyewe nikitamani ningekuwa na hela ya kumnunua huyo ndama.

Mzee alifurahi mno. Akanitumia jogoo kwa shukrani. Ninaye hapa nje ya chumba, anawasumbua wapangaji wenzangu tangu alfajiri. Majirani wananiuliza, huyo ni jogoo wa namna gani? Nawajibu bila kupamba, ni jogoo.